Mamajusi wa Siku ya Arobaini

Katika kanisa letu mtoto anayelazwa horini siku ya Krismasi hachaguliwi kwa uzuri wala kwa cheo cha baba yake. Anatafutwa daftarini. Ni yule aliyezaliwa mwisho kabla ya sikukuu, katika nyumba yoyote ya waumini, au kwa mtu yeyote aliyelelewa kanisani hapo hata kama sasa anaishi mbali. Kanuni hiyo aliiweka baba yangu zamani, baada ya kina mama wawili kugombea hori mbele ya mchungaji mgeni, kila mmoja na mtoto wake mkononi.

Ugomvi ule ulikuwa na sababu. Mamajusi wetu huleta zawadi za kweli. Dhahabu hatuna, na kuhusu ubani na manemane hakuna aliyekuwa na hakika ni vitu gani, kwa hiyo wazee waliamua kwamba watu wenye hekima wangemletea mzazi vitu anavyovihitaji: mche wa sabuni, mfuko wa chumvi na kitenge kipya.

Kanisa lenyewe ni dogo, la matofali na bati, nje kidogo ya Arua, kwenye njia ya kwenda Manibe. Ibada ni ya Kiswahili kwa sababu watu wake hawana lugha nyingine inayowakutanisha. Kuna sisi Walugbara, kuna Wakakwa, kuna askari wastaafu, kuna wafanyabiashara waliovuka kutoka Kongo na kukaa. Baba ni mzee wa kanisa na ndiye anayeongoza ibada mchungaji asipofika. Kiswahili alijifunzia jeshini, na hata akiomba baraka husikika kama anapanga watu mstari.

Mimi nilirudi nyumbani kutoka Kampala na shahada ya ualimu, nikaanza kungoja kazi. Mtu anayengoja kazi nyumbani kwao hupewa kazi zote zisizo na mshahara. Nikafanywa katibu wa kamati ya Krismasi, kwa maelezo kwamba nimesoma. Niliuchukulia wadhifa huo kwa uzito zaidi kuliko walivyokusudia. Niliuandika upya mchezo mzima wa kuzaliwa kwa Yesu, nikaweka maelezo pembeni. Maelezo mojawapo yalisema kwamba katika Injili ya Mathayo mamajusi hawaingii zizini. Wanaingia katika nyumba, na haijulikani ni muda gani ulikuwa umepita tangu mtoto azaliwe. Niliyasoma mbele ya kamati. Mama wa kwaya, mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyetoka upande wa Kongo, aliniuliza kama nataka wajenge nyumba ingine mule ndani ya kanisa. Wote wakacheka, na nikakunja karatasi.

Tatizo la kweli lilianza wiki ya mwisho ya Novemba, dada yangu alipojifungua.

Dada aliolewa Koboko miaka minne iliyopita, na fundi wa pikipiki, Mnubi, Mwislamu. Baba hakumlaani. Kwetu laana ya mzazi si mchezo, na hakuitamka. Alinyamaza tu. Watu wa upande wa mume walikuja mara mbili kuzungumza habari za ndoa, na mara zote mbili Baba alisema ni mgonjwa, akalala kitandani na viatu miguuni mpaka walipoondoka. Jina la dada likitajwa, alitoka kwenda kuangalia muhogo. Mama naye, kila baada ya miezi miwili au mitatu, alikuwa na safari ya sokoni iliyoanza alfajiri na kuisha jioni, na hakurudi na kitu. Hakuna aliyemuuliza.

Mtoto huyu alikuwa wa kwanza. Dada alinipigia simu siku ya pili.

"Baba amesikia?"

Nikamwambia amesikia.

"Amesemaje?"

"Ametoka kwenda kuangalia muhogo."

Alicheka. "Mimi sitaki kitu chake," alisema. "Nataka tu amwone mtoto uso. Mara moja tu."

Baada ya hapo ndipo nilipofungua daftari na kuelewa nilichokuwa nacho mkononi. Kabla ya mtoto wa dada, wa mwisho alikuwa mjukuu wa mama wa kwaya, wa Oktoba, ambaye nyanya yake alikwisha kumshonea gauni jeupe la kulalia horini. Kwa kanuni ya Baba mwenyewe, hori ilikuwa ya mtoto wa Koboko. Kwa siku tatu nilijadiliana na nafsi yangu. Nisipomwandika, nitakuwa nimeficha. Nikimwandika, Baba ataona nimemtegea mbele ya watu. Nilifikiria kujiuzulu ukatibu. Mwishowe nilimwandika kwa penseli, nikaacha nafasi ya jina wazi: mtoto wa dada, Koboko.

Kikao kilipofika, mama wa kwaya alikuwa ametulia kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. "Mwalimu, soma basi," alisema. "Ya mwisho ni nani?"

Nikasoma. Watu wakaangalia meza.

"Ule wa Koboko?" akasema mama wa kwaya. "Baba yake si mutu wa msikiti?"

Baba alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. "Kanuni haisemi baba ya mutoto," alisema. "Inasema mutu aliyelelewa hapa. Mwalimu, penseli ya nini? Andika na wino."

Nikaandika na wino. Wiki nzima niliyapima maneno yale. Huenda alikuwa amekubali. Huenda alikuwa anailinda kanuni yake tu. Huenda aliona aibu ya kuikana mbele ya mama wa kwaya. Sikumuuliza, kwa sababu angeweza kujibu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Koboko kuomba ruhusa. Njia nzima nilitunga hotuba. Nilipofika, mama mkwe wa dada alinikaribisha sebuleni, mwanamke mpana mwenye hina vidoleni, akaweka mbele yangu chai ya tangawizi na mikate myembamba ya Kinubi, gurusa, chini ya kawa la rangi nyingi. Kabla hata ya kugusa kikombe nilianza: kwamba hatutamwekea mtoto maji kichwani, kwamba hakuna atakayemwombea bila idhini, kwamba msalaba uko ukutani na hauwezi kuondolewa lakini hori itawekwa upande wa pili, kwamba majani yatakuwa mapya na yataanikwa juani kwanza.

"Binti, kunywa chai," alisema. "Umekuja na maneno mingi kama wakili."

Nikanywa. Akangoja kikombe kifike nusu.

"Isa iko yenu peke yenu?" aliuliza. "Mariam iko kwa kitabu yetu pia. Mutoto kulala kwa majani kidogo, hiyo si neno. Lini?"

Nikamwambia Krismasi. Akaanza kuhesabu kwa vidole vile vyenye hina, akasimama katikati ya hesabu, akaweka mkono mdomoni, na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Haijafika siku thelathini na tano! Binti, arobaini iko arobaini. Mama haitoki, mutoto haitoki. Nyinyi Lugbara munatoa mzazi nje siku ya tatu kama kuku."

Ni kweli. Kwetu mama wa mtoto wa kiume hukaa ndani siku tatu, wa kike siku nne, kisha anatolewa nje na maisha yanaendelea. Kwa hesabu niliyozaliwa nayo, mtoto wa mwezi mmoja alikuwa mtu wa kusafiri. Nimekua Arua, majirani zetu wa nyuma ni Wanubi, nimekula wali wa arobaini nyumbani kwao si chini ya mara tatu. Nilikuwa nimewaza maji, msalaba na majani. Siku hazikunipitia akilini. Na jina la mtoto lilikwisha kutangazwa kanisani, au tuseme, pengo la jina lake.

Waliniruhusu kuingia kwa dada. Chumba kilikuwa kimejaa moshi mwembamba wa ubani uliokuwa ukifukizwa katika kigae cha makaa, na kwa kuwa huu ndio ubani ambao wazee wetu hawakuujua, nilikitazama kigae kile kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Dada alikuwa amenenepa. Mtoto alikuwa amelala, nyusi zimepakwa wanja, mdomo wazi. Nikamweleza yote kwa Kilugbara, kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo Baba hatamwona," alisema.

Nikaanza kusema kwamba huenda, kwamba kuna njia, kwamba nitafikiri.

"Usifikiri sana, nakujua. Mwambie tu sisi hatukukataa."

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa uani, anapigilia mguu wa hori uliokuwa umeliwa na mchwa. Hakuinua kichwa.

"Wamekataa?"

Nikasema hawakukataa, nikamweleza arobaini. Aliuliza inaisha lini. Nikamwambia wiki ya kwanza ya Januari. Akapiga msumari, ukapinda, akaung'oa na kuunyosha juu ya jiwe. Ningeweza kuondoka hapo. Badala yake nikasema, haraka sana, kwamba ile karatasi yangu waliyoicheka ilikuwa na jambo moja: mamajusi hawakufika zizini usiku ule, walifika baadaye, kwenye nyumba, mtoto alikuwa ndani na mama yake, na kwa hiyo hata wakichelewa wiki moja au mbili si kosa, kwa maana ya maandiko.

"Iko kwa kitabu?"

"Iko, Baba."

Nikaleta Biblia. Aliisoma sura yote kwa kidole, mstari kwa mstari, hata sehemu ya Herode. Kisha akaifunga.

"Mwambie mama wa kwaya mjukuu yake atalala horini."

"Na mamajusi?"

"Kanzu zifuliwe," alisema, akarudi kwenye msumari wake.

Kanzu za mamajusi hufuliwa kila mwaka. Kwa hiyo sikujua nimeambiwa nini. Baba ndiye majusi mkubwa, yule anayebeba kitenge, tangu nikiwa mdogo. Kanzu kufuliwa kungeweza kumaanisha Krismasi ya kawaida, au kumaanisha Koboko, au kumaanisha kwamba zilikuwa na vumbi.

Siku ya Krismasi mjukuu wa mama wa kwaya alikuwa mkubwa kwa ile hori. Alirusha majani yote kwa miguu, akashika ndevu za pamba za mchungaji wa kondoo na kukataa kuziachia. Nyanya yake, aliyesimama mbele ya kwaya, aliangalia watu kama aliyeshinda kesi. Malaika wakasema maneno yao. Kisha mlango ukafunguliwa, mamajusi watatu wakaingia na kanzu zao nyeupe na mataji ya karatasi ya dhahabu, wakatembea kama kawaida katikati ya mabenchi. Walipofika nusu ya njia, Baba alisimama. Wale wawili nyuma yake nusura wamgonge.

Aligeuka, akatazama watu.

"Mamajusi hajafika," alisema. "Safari iko mbele. Mutoto ambaye daftari inasema iko Koboko, na iko ndani mpaka arobaini. Siku hiyo tutaenda. Wimbo."

Wakageuka, wakatoka kwa mlango ule ule. Wengine walidhani wamesahau kitu nje. Mama wa kwaya alianzisha wimbo juu sana, kwaya ikamfuata hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya mchezo, na mahali hapo hapakuwa na maneno yoyote.

Baada ya ibada mama wa kwaya alimfuata Baba kuuliza habari ya zawadi, maana mjukuu wake alilala horini kweli, watu wote waliona. Baba akaagiza mche wa sabuni ukatwe vipande viwili kwa waya. Mama wa kwaya alipopata nusu yake, akasema basi pikapu yake ya samaki ndiyo itakayowapeleka mamajusi, na yeye mwenyewe atakuja, ili aone huyo mutoto aliyeshinda wake.

Dada nilimwambia tu kwamba siku ya arobaini watu wa kanisa watakuja. Akauliza watu gani. Nikasema wa kanisa. Nilikumbuka Baba alivyolala na viatu, mara mbili, na sikutaka dada aandae kiti ambacho kingebaki kitupu.

Asubuhi ya siku yenyewe Baba aliamka akiwa mzima. Alivaa kanzu nyumbani, akaketi mbele kwenye pikapu karibu na mama wa kwaya, taji magotini. Sisi wengine tulikaa nyuma, mimi, Mama, na wale mamajusi wawili na kanzu zao, juu ya magunia matupu yenye harufu ya samaki. Nyasi zilikuwa zimechomwa pande zote mbili za barabara, na watu walikuwa wameanika muhogo juu ya miamba. Tulikuwa tumepita Maracha nilipotambua jambo jingine ambalo sikuwa nimeliwaza. Tulikuwa tunawapeleka wazee watatu Wakristo, waliovaa kanzu, kwenye nyumba ya Waislamu, kwa mchezo. Je, wakiona tunawaigiza? Je, wakiona ni dhihaka? Nikamwambia Mama.

"Funga mdomo," alisema Mama. "Vumbi litaingia."

Ua wa Koboko ulikuwa umejaa mikeka na sufuria. Wanaume waliokuwa wameketi langoni walipoona mzee mwenye kanzu nyeupe akishuka kwenye gari walisimama wote, wakamsalimu kwa salamu za Kiislamu. Baba alikaa na Wanubi kambini miaka mingi. Akaitikia sawasawa, bila kufikiri, akashikana mikono nao mmoja mmoja. Taji la karatasi alikuwa amelisahau kwenye kiti cha gari, na nilishukuru. Mama mkwe wa dada akatoka kuona ni mgeni gani mkubwa amefika.

"Hii sheikh imetoka wapi?" aliuliza.

Shemeji yangu, ambaye alikuwa amemwona Baba mara moja tu, kwa mbali, alimwinamia mama yake sikioni. Nikaona uso wa yule mama ukibadilika. Alimtazama Baba kutoka kichwani hadi viatuni na kurudi juu.

"Baba yake?" alisema, na ua wote ukasikia. "Miaka mine tunaambiwa mzee iko mgonjwa. Kumbe alikuwa anasilimu?"

Hakuna aliyecheka. Nilijua kwa hakika kwamba Baba atageuka arudi kwenye gari, na nikaanza kupanga nitakavyomweleza dada. Baba alishika upindo wa kanzu yake, akauangalia kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa mgonjwa kweli, mama," alisema. "Ya kichwa. Sasa nimepona kidogo."

Wanawake wa jikoni ndio walioanza kucheka, kisha wote. Mama mkwe hakucheka sana, lakini alimshika Baba mkono, akamwingiza ndani mwenyewe.

Dada alikuwa ameketi mkekani na nguo mpya. Alipomwona nani ameingia, alipiga magoti kusalimu kama tunavyofanya nyumbani, na hakuweza kumaliza salamu. Baba aliketi kwenye kigoda. Dada akamweka mtoto mikononi mwake, na Baba akampokea kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayepewa sahani ya moto. Wale mamajusi wengine wawili wakaweka chini chumvi na nusu ya mche wa sabuni. Mama wa kwaya akaeleza kwa sauti sabuni nyingine iko wapi na kwa nini, akamkagua mtoto, akakiri kwamba ni mutoto muzuri, ingawa mdogo. Kitenge nilikuwa nacho mimi, kwa sababu Baba hakuwa na mkono wa tatu.

Wakati huo Mama alikuwa amekwenda moja kwa moja jikoni. Alichukua birika kutoka nyuma ya mlango, akatoa vikombe kwenye kikapu kilichokuwa juu ya kabati, akamuuliza mama mkwe, kwa jina lake, kama tangawizi imekwisha tena. Baba aliyaona yote hayo kupitia mlangoni. Alinitazama. Nikatazama dari.

Baadaye alimrudisha mtoto kwa dada, akatoa mfukoni mwa kanzu lile daftari la hori na kalamu. Akatafuta ukurasa.

"Hapa hakuna jina," alisema.

Ilikuwa ni kosa langu, nikataka kueleza, lakini hakuwa anasema nami. Alikuwa anamtazama dada.

"Anaitwa nani?"

Dada akamwambia. Baba akaandika polepole, herufi moja moja, daftari juu ya goti, akamgeuzia.

"Hivi?"

Dada aliangalia kwa muda mrefu kuliko jina lile linavyohitaji. "Hivi," alisema.

Tulikula, tukakaa mpaka wanaume wakaenda kuswali na kurudi. Njiani kurudi Baba alikaa nyuma nasi, kwenye magunia, akampa Mama nafasi ya mbele bila kueleza kwa nini. Karibu na Manibe aliniambia niongeze mstari katika kanuni, kuhusu watoto walio mbali na wenye arobaini, ili mwaka mwingine watu wasibabaike.

Nimeandika rasimu tatu. Ya kwanza ni fupi mno, ya pili ina masharti mengi, na ya tatu inataja mamajusi waende siku gani hasa, jambo ambalo sina hakika nalo. Bado sijampa. Kila Jumapili baada ya ibada ananiuliza imefika wapi, kisha anauliza kama dada amepiga simu.